Sajini wa Watu

Doonside, Sydney
24 Aprili 2021

Shangazi Dorsila,

Shuleni Kisumu tulifundishwa kuanza barua na "natumai u buheri wa afya". Sianzi hivyo, maana najua huna buheri yoyote, una presha na watoto sitini darasani. Naandika imeli kwa sababu simu hunikausha. Ukinipigia nasema "ndiyo Shangazi", "sawa Shangazi", halafu nampa Mama. Wewe unadhani ni maringo. Maneno ninayo, tena mengi, ila akitokea mtu yanarudi ndani kama konokono.

Jana yalirudi ndani mbele ya shule nzima.

Hapa Aprili wana siku yao ya kukumbuka askari, na wanaipenda kuliko Krismasi. Wanaoka biskuti maalum. Wanapiga tarumbeta. Mwalimu mkuu, ambaye huu ni mwaka wa tatu ananiita Rita, anafunga macho na kusema hatutasahau. Mwaka huu kila mtoto aliyetoka mbali aliombwa alete askari wa kwao, ili ionekane na sisi tumo. Darlène, rafiki yangu Mrundi wa Toongabbie, aliniambia pembeni, "Sisi tumekimbia askari mpaka Tanzania, mpaka huku, sasa wanataka tuwalete na picha?" Siku yenyewe akasema ana kikohozi. Siku hizi ukitaja kikohozi hakuna anayekutaka karibu.

Mimi nina Baba, na Baba alijitolea kwa niaba yangu. Akaniandikia karatasi: babu wa babu yangu, Sajini Obunga wa King's African Rifles, aliyeanguka akipigana kwenye kilima karibu na Taveta mwaka 1916. Nilipanda jukwaani. Nikafungua mdomo. Hewa tu. Baba akainuka kutoka viti vya wazazi, akaninyang'anya karatasi kwa upole wa kuonekana, akaisoma mwenyewe kwa ile sauti yake ya mwenyekiti wa chama cha Wajaluo wa Sydney Magharibi. Akaongeza na medali ambayo haikuwa kwenye karatasi. Mama mmoja Mzungu akafuta machozi.

Naungama, Shangazi: sikuona aibu ya kunyamaza. Niliona aibu ya kuwa mtoto wake.

Sasa jambo lenyewe. Unajua Babu amesema hatakwenda hospitali wala hatakufa mpaka Obunga aletwe nyumbani Ugenya, kwa sababu yeye hawezi kulala kwenye boma ambalo babu yake bado yuko njiani. Baba anasema kwanza jina lionekane kwenye mnara wa vita, kisha mipaka ikifunguliwa atakuja mwenyewe amchukue kwa heshima za kijeshi. Lakini mipaka haifunguki, na Babu ana miaka themanini na tatu na kifua kibovu. Wewe ndiye uliyepelekwa kufundisha huko Taveta. Tafadhali nenda uangalie kama jina lipo.

Mimi,
Rispah

---

Taveta
16 Mei 2021

Rispah, mtoto wa kaka yangu,

Nimefurahi kujua una ulimi. Miaka yote nilidhani Zedekiah alizaa mtoto wa kupigwa picha tu.

Nilikwenda jana kwa pikipiki. Usitarajie makubwa. Ni jiwe la kimo cha mlango wa choo, limezungushiwa mnyororo, na mbuzi amelala kwenye kivuli chake. Kati ya watu wote ninaowajua, huyo mbuzi ndiye pekee aliyepata faida kwa vita vile. Ni mnara wa kikosi kimoja cha Wazungu waliokuja kupigana na Wajerumani hapo kilimani. Wamepangwa kwa vyeo hata wakiwa wamekufa: kapteni juu, maluteni, masajini watatu, halafu wadogo wote wamebanwa chini kama abiria. Nikazunguka nyuma ya jiwe, nikidhani labda weusi wako huko. Nyuma hakuna kitu. Hata hawakupasawazisha.

Kuna mlinzi. Akaniuliza, "Mama, unamtafuta Mzungu gani?"

"Namtafuta Mjaluo."

Alicheka mpaka akashika goti.

Sasa nisikilize, na hili baba yako analijua kama anavyojua jina lake. Obunga hakuwa sajini. Hakushika bunduki. Alikamatwa sokoni, akafungwa kamba pamoja na wenzake, akabebeshwa masanduku ya risasi za hao hao walioandikwa hapo. Alikuwa kariakoo, mbeba mizigo. Kilima hakukipanda. Alifia bondeni penye maji, kwa kuhara, na mwenzake Nyangweso ndiye aliyerudi kusema. Babu yako ametusimulia hayo tangu tukiwa watoto, tena wakati wa kula, na Zedekiah alikuwa amekaa karibu yangu akininyofolea nyama.

Babu hataki ushahidi wa jiwe. Anataka tunda la yago, lile refu zito la mwegea. Mtu wetu akipotelea mbali, tunda linalazwa pale alipoanguka, kisha anaitwa kwa jina lake na la baba yake, anaambiwa inuka twende. Linabebwa bila kuwekwa chini mpaka nyumbani, linavikwa shuka, linazikwa kama mtu. Anayeita ni kifungua mimba wa nyumba. Huyo ni baba yako, na Australia imefunga mlango kwa ndani.

Basi aite kwa simu. Mimi nitaishika. Wazee wa Ugenya wamekubali. Mwaka mzima wamezika watu kwa Zoom, hili litawashinda? Nasubiri tu likizo, na huko Nyanza wasije wakazuia wasafiri. Mwonyeshe barua hii. Mwambie aite jina, basi. Asilete hotuba.

Shangazi yako,
Dorsila

---

Doonside
30 Agosti 2021

Shangazi,

Niliichapa barua yako nikamwonyesha siku ile ile. Aliisoma mpaka mwisho, akaikunja, akasema, "Dorsila hana jicho la historia." Basi.

Juzi Jumamosi wewe ulikuwa upande wa jiwe na simu yako mkononi. Acha nikwambie ya upande huu, maana ulisikia tu.

Tumefungiwa. Mtaa wetu hatuendi zaidi ya kilomita tano, na usiku helikopta ya polisi inazunguka juu ya paa kama nzi. Baba yuko karantini kwa sababu mwenzake kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi alipatikana na korona. Mama peke yake ndiye anayetoka, ana barua ya ruhusa, treni mpaka Campbelltown na kurudi, akifika analala na viatu. Kwa hiyo siku ya Obunga tulikuwa mimi na Baba sebuleni, yeye amevaa koti la suti na tai juu, chini kaptura na ndara, kwa kuwa kamera haifiki chini.

Alikuwa ameita chama kizima kwenye Zoom. Wewe ulidhani unaongea na kaka yako, kumbe ulikuwa kwenye mkutano. Ndiyo maana alikukatalia ulipotaka kushuka bondeni.

"Zedekiah, hapa siyo. Alifia kule chini."

"Wewe simama penye majina, Dorsila, watu waone."

"Watu gani?"

"Shika simu tu!"

Halafu ukasikia kimya, ukaita "haloo, haloo". Haikuwa mtandao. Mlango ulibishwa. Polisi mmoja na wanajeshi wawili, wanapita nyumba hadi nyumba kuangalia kama walioambiwa wakae ndani wako ndani. Walikuwa wametangulia kupita kwa kina Darlène wiki iliyopita. Mama yake alipoona yale magwanda dirishani aliwakusanya watoto wote bafuni, akafunga, akawaziba midomo, mpaka Darlène akatoka peke yake kuwaelezea hao vijana kwa Kiingereza kwamba mama anaoga.

Baba yangu? Baba yangu alipiga saluti. Na kaptura.

"Today we are bringing home my great-grandfather," akasema. "He was a sergeant."

Mwanajeshi mwenyewe ana chunusi, labda amenizidi miaka miwili. "Good on you, mate," akajibu, akachungulia nyuma ya Baba kutuhesabu, akaondoka.

Ndipo Baba akarudi amevimba kifua, na hayo mengine uliyasikia. "Sajini Obunga! Simama! Kikosi kinarudi nyumbani!" Mara tatu, mbwa wa jirani akaitikia. Jina la baba yake Obunga hakulitaja hata mara moja. Kwenye Zoom watu wakatuma vile vikono vya makofi.

Nilikuwa nyuma ya kochi. Nilimdharau yeye, nikawadharau wale wa vikono, nikajidharau na mimi, kwa sababu nilijua si hivyo na sikusema neno. Niambie imetosha. Niambie Babu ameridhika.

Rispah

---

Taveta
20 Septemba 2021

Rispah,

Haikutosha.

Nilipata likizo fupi nikasafiri na tunda mapajani, basi la mchana kutwa na jingine la kesho yake. Kondakta alitaka liingie kwenye buti. Nikamwambia, "Huyu ni babu yangu." Abiria wa pembeni akahama kiti bila kuaga.

Ugenya walikuwa wamechimba tayari. Babu yako akatolewa nje kwenye kiti, amefunikwa blanketi. Akaniuliza, "Zedekiah aliita vipi? Nipe maneno yenyewe." Mimi si mwongo, na wazee wengine walishaona video ya ule mkutano wa Zoom. Nikampa.

"Alisema sajini?"

"Alisema, Baba."

"Ulikuwa umesimama wapi?"

"Jiweni."

"Na hapo jiweni wamo masajini?"

"Wamo watatu."

Baba yako mdogo akaanza kucheka, akajifanya anakohoa. Babu hakucheka. Alilitazama lile tunda kwenye mikono yangu muda mrefu, kama mgeni aliyeingia bila kubisha.

"Basi mmeniletea Mzungu," akasema.

Nikajaribu kumtuliza. Akanikata. "Fikiri, binti yangu, wewe si umesoma? Unasimama kwenye kaburi la masajini, unaita sajini. Nani atainuka? Obunga yuko bondeni na mzigo. Miaka yake yote kule, sajini akiitwa, yeye aliinamisha kichwa. Huyu uliyembeba ni mtoto wa watu. Mrudishe. Mimi silali ubavuni mwa mtu aliyemchapa babu yangu kiboko."

Shimo likafukiwa. Nimerudi Taveta na tunda, bado sijaliweka chini, linaning'inia kwenye kamba juu ya kitanda changu na sipati usingizi.

Nilimpigia baba yako. Nikamwambia aite upya, kutoka bondeni, na aseme ukweli: mbeba mizigo. Akasema, "Niseme hivyo mbele ya watu? Mzee amechanganyikiwa." Akakata. Tangu hapo hashiki simu yangu.

Babu hali. Anakunywa uji kidogo, anageukia ukutani. Daktari alikuja akasema mapafu yatamsubiri wiki chache, si zaidi. Wazee wamekaa wakaamua: kifungua mimba akikataa, mtoto wake ataita. Nikawaambia ni msichana, na haongei. Mmoja akajibu, "Damu ni damu. Na baba yake anayeongea ametufikisha wapi?"

Shule zinafungwa Oktoba mosi. Jumamosi tarehe mbili, saa nne asubuhi ya kwetu, nitakuwa bondeni nimelilaza tunda. Nitakuwa nimeshika simu. Siwezi kuita mimi, mimi nimeolewa, nimetoka kwenye nyumba hiyo. Sitakulazimisha. Nitasubiri mpaka jua linichome.

Dorsila

---

Doonside
3 Oktoba 2021

Shangazi,

Uliyasikia, lakini nataka kuandika, kwa sababu kwenye maandishi ndipo naweza kukwambia kweli.

Nilimwambia Baba siku tatu kabla. Alikuwa anapaka mkate siagi. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye kiganja, jasho likayafuta.

"Baba, Obunga alikuwa mbeba mizigo."

"Dorsila amekutuma."

"Babu hali."

"Mzee ana miaka themanini na tatu, Rispah. Wazee hawali."

"Hali kwa sababu umemletea Mzungu nyumbani."

Kisu kikasimama. Nadhani hiyo ndiyo sentensi ndefu zaidi niliyowahi kumwambia tangu tuhamie nchi hii. Nilidhani atanipiga kelele. Akakaa.

"Unajua kazi yangu ni nini?" akasema. "Si ile ninayoitaja kwenye chama. Nawaogesha wazee. Kila mmoja juu ya kitanda chake ana picha ya mtu na kofia ya askari. Kuna mmoja hakutaka nimguse. Aliniuliza, watu wako walikuwa wapi sisi tulipokuwa vitani? Nikamwambia babu yangu alikuwa sajini. Tangu siku hiyo ananyoosha mkono mwenyewe nimvue shati. Ulitaka nimwambie nini? Kwamba sisi tulikufa tukihara?"

"Ndiyo," nikasema.

Ningependa kukuandikia kwamba nilimhurumia. Sikumhurumia. Nilimdharau kuliko siku ya saluti: kumbe alimuuza babu yake kwa shati la mzee mmoja wa Kizungu. Halafu nikaiona mikono yake, imebabuka kwa sanitaiza mpaka kwenye viwiko, nikatazama friji.

Hakunikataza. Alisema tu, "Usiwaite watu wa chama."

Jumamosi ilipofika saa kumi na moja jioni ya huku, alichukua funguo akaenda kukaa ndani ya gari, hapo hapo mbele ya nyumba, kwa kuwa pa kwenda hakuna. Mama alikuwa kazini. Nikakupigia. Nilisikia maji, nikasikia vyura, nikakusikia unahema. Hukusema kitu, na nashukuru. Ungesema "haya Rispah" ningekata.

Mara ya kwanza sauti haikutoka. Wewe ulidhani mtandao. Mara ya pili ikatoka. Nilisema, Obunga, hukuwa sajini. Ulibeba mizigo ya watu, ukaugua, ukaachwa. Jiweni hawajakuandika. Mimi ni Rispah wa nyumba yako, Kijaluo changu ni kibovu kwa sababu mama yangu ni Mkalenjin na nyumbani tunaongea Kiswahili, nisamehe. Tua mzigo. Inuka. Obunga, mwana wa...

Na hapo nikasahau. Nimekariri wiki nzima, nikasahau! Nikasikia kwamba umeacha hata kuhema.

"Mwana wa Rading'," sauti ikasema nyuma yangu.

Sikujua ameingia saa ngapi. Alikuwa mlangoni, na ndara zake.

"Mwana wa Rading'," nikarudia.

"Mbeba mizigo," akasema Baba. Si kwa sauti ya mwenyekiti. Ilikuwa ndogo kuliko yangu. "Twende."

Ile sauti ya pili uliyosikia ndiyo hiyo. Usije ukafikiri nimemsamehe. Jana alikula chakula cha jioni akitazama sahani, nami nikala nikimtazama yeye. Leo asubuhi wa chama walimpigia kuuliza lini Sajini anazikwa. Akawaambia, "Hakuna sajini." Wakaanza maswali, akakata.

Niandikie ukifika.

Rispah

---

Ugenya
9 Oktoba 2021

Rispah,

Tumezika jana.

Kabla ya kushuka bondeni ile Jumamosi nilipitia jiweni kumrudisha yule mwingine, kama nilivyoagizwa. Nilimwambia kwa Kiingereza, maana kingine asingeelewa, kwamba aliitwa kwa makosa, asituwekee kinyongo, akae na wenzake. Mlinzi aliniangalia kama mtu anayehitaji daktari. Kisha nikashuka, na mengine unayajua. Sauti yako ni ndogo kweli, lakini kule bondeni hakuna wa kushindana nayo.

Babu yako alitaka maneno yenyewe. Nikampa yote, pamoja na pale uliposahau, na pale aliyekukumbusha alipokukumbusha. Kwenye "mbeba mizigo" aliniambia rudia, nani alisema? Nikamwambia Zedekiah. Akapokea tunda kwa mikono yake miwili, akalipima uzito, akasema, "Huyu sasa ni wetu." Akaamuru shimo lipanuliwe, eti Obunga alikuwa na mabega mapana. Hakuna aliyemuuliza amejuaje.

Baada ya udongo kurudi alidai ugali na samaki. Alikula mpaka mkia, akalaumu chumvi, akalaumu na mpishi, ambaye ni mimi. Kifua bado kibaya na daktari hajabadilisha neno lake, lakini amekubali kitanda chake kisogezwe dirishani, upande wa kaburi, na jana usiku tulimsikia akikoroma.

Leo tukinywa chai ameniuliza, "Yule sajini mlimfikisha?"

"Nilimfikisha, Baba."

"Ana watu?"

"Sijui. Jina lake lipo kwenye jiwe."

Babu yako akasonya.

"Jiwe," akasema. "Miaka yote hiyo, na wa kwanza kumwita ni Zedekiah."

Shangazi yako,
Dorsila